Tofali Kwenye Kona ya Mchoro

Kila asubuhi, saa moja na robo, nilikuwa nafungua dirisha la chumba cha wachoraji, nafuta meza kwa kitambaa kikavu, kisha nakunjua mji. Chini naweka mchoro wa zamani, ule ulioachwa na wakoloni, mkubwa kuliko shuka ya kitanda cha watu wawili. Juu yake naweka karatasi yetu laini inayopitisha mwanga, ili mistari ya zamani ionekane chini ya mistari mipya. Karatasi zote mbili zilizoea kuviringishwa. Ukiachia kona moja tu, zinajikunja kama jongoo aliyeguswa. Kwa hiyo kila kona ilikuwa na mlinzi wake. Kona ya kwanza, kikombe kilichovunjika mkono. Ya pili, mashine ya kutoboa karatasi. Ya tatu, kitabu cha simu ambacho namba zake zilikwisha kufa. Ya nne, ile ya chini kulia, nusu tofali jekundu lililokuwa humo ofisini kabla yangu.

Kompyuta tulikuwa nazo. Lakini Mhandisi Mkuu aliamini kwamba mji huwezi kuuelewa mpaka uuinamie.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshachonga penseli mbili, nyekundu ya majitaka na bluu ya maji ya mvua, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa chini. Wenzake walimwita Bwana Chini, kwa sababu miaka thelathini na mmoja ya kazi yake ilikuwa imepita ndani ya mahandaki. Kabla ya asubuhi hiyo hakuwahi kupanda kwetu ghorofa ya pili. Alisema ngazi zinazokwenda juu zinampa kizunguzungu.

"Nimeyaombea mabuti yangu ruhusa kwa mfagizi," akasema, "kanikatalia. Kwa hiyo nasimama hapa hapa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ile karatasi uliyonipa jana, ya chemba ya kumi na saba. Uliandika sakafu ya handaki iko juu ya bahari?"

"Ndiyo. Mita moja na sentimita kumi. Bahari ikiwa katikati, haijajaa wala haijapwa, pale panatakiwa pawe pakavu. Yapite majitaka tu."

"Bahari sasa hivi iko katikati," akasema Bwana Chini. "Nami nimetoka kusalimiana na kaa. Majitaka hayana kaa, binti."

Nikamwambia labda kuna mahali panavuja. Akajibu, "Labda," kwa ile sauti ya mtu mzima anayekuachia mlango wazi upite mwenyewe. Halafu akatoa nyuma ya mgongo wake kofia ngumu na mabuti ya mpira. Mabuti yalikuwa ya saizi yangu. Sijui alijuaje.

Lazima nieleze siku hiyo ilikuwa siku gani. Mji wetu wa bandari ulichimbiwa handaki moja tu, enzi za ukoloni, na handaki hilo lilibeba kila kitu: maji ya vyoo, ya majiko, ya hospitali, na mvua yote iliyoshuka kutoka mlimani. Waliolipanga waliishi juu. Mtaa wa chini, karibu na gati, ulikuwa njia tu ya kupitishia. Basi mvua kubwa ikikutana na bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya bahari yanaziba mdomo wa handaki, na yote yaliyotoka mlimani yanarudi na kutokea mtaa wa chini, sebuleni kwa watu. Shangazi yangu, aliyenilea, aliishi huko. Msimu wa mvua viatu vyake vilikaa juu ya kabati, na yeye aliwaambia wageni kwamba viatu vyake vina cheo.

Mpango wetu ulikuwa kutenganisha. Handaki la zamani libaki na mvua peke yake. Majitaka yapewe mabomba yake mapya, yateremke taratibu kutoka mlimani, yapite mtaa wa chini, yafike kituo kipya cha pampu pale gatini. Mhandisi Mkuu aliufukuzia mpango huo miaka kumi na tisa. Mara tatu ulikataliwa. Siku hiyo, saa tisa alasiri, kamati ya mji ilikuwa inakaa kuupitisha.

Vimo vyote vya mji wa zamani, yaani kila mahali pako juu ya bahari kiasi gani, mia mbili na kumi na vinne, nilivinakili mimi kutoka kwenye mchoro wa wakoloni. Miezi saba. Na ndani ya handaki lenyewe sikuwahi kukanyaga.

Bwana Chini alifunua mifuniko miwili, akasubiri hewa itembee, akashusha kipima gesi kwa kamba, akakivuta, akakisoma, akakishusha tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kisha akanifunga mkanda kiunoni kama mtu anayemvalisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule.

"Vishikio ishirini na viwili," akasema. "Cha tisa kina kutu, usikiamini. Kila ofisi ina mmoja wa namna hiyo."

Nikahesabu. Cha tisa nikakiruka. Cha ishirini na mbili nikaweka mguu juu ya ukingo wa mawe, Bwana Chini akawasha tochi, nami nikainua kichwa.

Nilitegemea uvundo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa. Juu ya kichwa changu matofali yalikuwa yameinama kutoka pande zote mbili yakakutana katikati, safu kwa safu, na safu hizo zilikwenda mbele mpaka mwanga wa tochi ulipoishiwa nguvu, na hata hapo ulijua zinaendelea. Kwenye mchoro wangu mahali pale palikuwa mstari wa milimita mbili. Nilikuwa nikiufuta na kuuchora upya bila kufikiri. Sasa nilikuwa nimesimama ndani yake, na lori lingeweza kupita.

Halafu nikasikia mji. Kila bomba dogo lililoingia ukutani lilikuwa na sauti yake. Moja lilidondosha polepole kama mtu anayewaza. Lingine lilimwaga kwa kishindo likanyamaza. Mbali kabisa maji mengi yalikuwa yanapita kwa mnong'ono mmoja mrefu, na mnong'ono huo haukukatika. Watu laki tatu walikuwa wananawa, wanafua, wanasuuza vikombe vya chai ya asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba chini yao kuna mahali ambapo yote hayo yanasikika pamoja.

"Lile la kushoto ni la mahakama," Bwana Chini akasema kwa sauti ya chini. "La kulia ni la gereza. Huko juu wana ugomvi. Hapa wanasalimiana kila siku."

Nikacheka, na kicheko changu kikaenda peke yake handakini, kikarudi baadaye kikiwa kizito zaidi, kama cha mwanamke mtu mzima.

Akaelekeza tochi ukutani. Kila baada ya hatua mbili hivi kulikuwa na tofali lenye alama iliyochongwa kabla halijachomwa: mistari mitatu, mwezi mchanga, kitu kama kitana, samaki.

"Mafundi," akasema. "Kila mmoja na alama yake. Wakubwa walitia sahihi juu kwenye karatasi. Hawa walitia sahihi huku."

Nilikumbuka jina lililokuwa kwenye mchoro wa zamani, limeandikwa kwa mikia na vikorombwezo. Nilikuwa nimelisoma kila asubuhi kwa miezi saba. Alama hizi nilikuwa naziona kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini waliweka?"

"Aliyenifundisha kazi aliniambia ilikuwa amri. Tofali likipasuka, ajulikane wa kuulizwa." Akainua tochi mpaka juu kabisa, pale upinde ulipojifunga. "Lakini tazama kule. Msimamizi gani angepanda kukagua pale? Giza, urefu huo, na dari imeshafungwa. Hakuna ambaye angejua."

Nikatazama. Kwenye tofali la kati, lile lililobeba mengine yote, palikuwa na samaki.

Sijui Bwana Chini alifikiri nini. Mimi nilifikiri kuhusu nafasi ndogo kwenye mchoro wetu, chini kulia, iliyoandikwa *Aliyepima na kuchora*. Mhandisi Mkuu alikuwa amenikumbusha mara nne niijaze. Nilikuwa nimeiacha tupu. Niliona aibu kuweka jina langu chini ya mji mzima.

"Sasa njoo uwaone kaa," akasema.

Pale chini ya chemba ya kumi na saba maji yalikuwa yamesimama, mazito na meusi, na kwenye ukingo kaa wadogo walikimbia tochi kwa ubavu. Bwana Chini akazamisha ufito wa kupimia mpaka ukagusa sakafu. Sentimita themanini na mbili. Juu ya mahali nilipoandika pakavu.

"Imevuja?" nikauliza, ingawa sikuamini tena.

"Binti, hapa pamekuwa hivi tangu sina ndevu. Bahari ikiwa katikati, maji yanafika mapajani. Kila mmoja wetu anajua. Ila hakuna aliyewahi kutuuliza." Hakusema kwa uchungu. Akaashiria mbele, kwenye mdomo wa handaki, ambako mwanga wa mchana ulikuwa doa la kijivu. "Kuna jiwe pale ukutani, limekatwa mstari. Sisi tunaliita mguu wa bahari. Saa hizi limezama. Linaonekana siku za bamvua tu, maji yakipwa mno. Waliojenga walianza kuhesabu kutoka hapo."

"Kuhesabu nini?"

"Vimo. Wewe unaanzia wapi?"

Nikautazama tena ule ufito ndani ya maji.

Sisi tunaanzia katikati. Vipimo vyote vya siku hizi sifuri yake ni usawa wa kati wa bahari. Wao walianzia chini, pale bahari inapofika ikichoka kabisa kurudi nyuma. Mita moja na kumi waliyoiandika wao haikuwa mita moja na kumi yangu. Nikajumlisha kichwani, mita moja na kumi na zile themanini na mbili za ufito, nikapata karibu mita mbili. Mji wote wa zamani, kila barabara na kila chemba niliyoinakili, nilikuwa nimeuinua angani kwa karibu mita mbili.

Sijui nilipandaje vile vishikio. Cha tisa nilikikanyaga, na kikanistahimili.

Ofisini sikuvua hata mabuti. Mfagizi alinitazama, akatazama sakafu, akaona uso wangu, akanipisha. Nikaenda mezani, kona ya chini kulia, nikainua lile nusu tofali.

Chini yake, kwenye mchoro wa zamani, palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo kama sisimizi, kwa lugha ya waliotutawala: kwamba vimo vyote vimepimwa kutoka maji ya chini kabisa. Miezi saba nilikuwa naweka mlinzi juu yake kila asubuhi, na jioni nazikunja karatasi zote pamoja kwa haraka niwahi nyumbani. Pembeni ya maandishi hayo, kwenye karatasi yetu, ndiyo nafasi yangu tupu.

Nikachukua penseli nyekundu na karatasi safi, nikachora bomba letu upya kwa vimo vya kweli. Kwenye mchoro niliomaliza wiki iliyopita, bomba lilitoka mtaa wa chini likateremka vizuri mpaka kituo cha pampu, ambacho tulikipima wenyewe kwa sifuri mpya. Sasa, likitoka mtaa wa chini, lilipanda. Mita nzima. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu mstari ulipanda. Majitaka hayapandi. Yangejaa kwenye bomba, yangerudi nyuma, na nyumba ya kwanza ambayo yangeikuta ilikuwa na viatu juu ya kabati.

Saa tano na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mhandisi Mkuu. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha kabati la mafaili, anaimba wimbo asioujua maneno.

"Ingia, mwanangu. Hii tai nilinunua ule mwaka wa kwanza tulipokataliwa. Nikaapa siivai mpaka tukubaliwe. Imeanza kuliwa na nondo, lakini nimeelekeza tobo ndani."

"Imekupendeza, bosi."

"Unataka kusema nini? Umesimama kama mtu aliyemeza ufunguo."

Mstari mwekundu ulikuwa mkononi mwangu, umekunjwa. Nilimwona alivyozeeka kwa nyuma ya shingo. Niliiona ile tai.

"Nilikuja kuuliza kama utakunywa chai," nikasema.

"Baada ya mkutano," akasema kwa furaha. "Leo nitakunywa birika zima."

Nikarudi mezani kwangu, nikakaa. Nilijiambia kwamba labda marekebisho yanaweza kufanyika kimyakimya baada ya kupitishwa. Nilijua si kweli. Mpango ukipita, unachongwa kwenye mkataba, mitambo inaletwa, barabara zinachimbwa, na binti mwoga wa ghorofa ya pili hawezi kuzifukia. Nilijiambia pia kwamba hakuna atakayejua ni nani. Nafasi ilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule samaki, kule juu gizani, ambaye hakuna msimamizi angemfikia.

Saa sita nikachukua kalamu ya wino.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na feni tatu na moja tu ndiyo iliyofanya kazi, ya juu ya mwenyekiti. Wajumbe saba. Nyuma, kwenye mabenchi ya wananchi, Bwana Chini alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameificha chini ya benchi. Safu moja mbele yake alikuwa shangazi. Amevaa vile viatu vyenye cheo, na mwavuli mkononi ingawa nje jua lilikuwa linawaka.

Alinivuta mkono nilipopita.

"Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Muongo. Macho yako yamekula nini, mbona mekundu?" Akaniinamia. "Nimewaambia hawa wa benchi hili kwamba ni wewe uliyechora. Hawaamini. Wanasema fundi gani huyo hana hata sauti. Nikawaambia sauti anayo, ila huyameza maneno kama vidonge tangu akiwa mdogo."

"Shangazi, kuna jambo..."

"Nenda ukakae, bosi wako anasimama."

Mhandisi Mkuu alizungumza kwa nusu saa, na alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliutundika mchoro ukutani, ukaning'inia bila walinzi wake, kona zikitetemeka kwa upepo wa ile feni moja. Alieleza habari za mvua. Alieleza habari za watoto wa mtaa wa chini wanaoumwa matumbo kila mwaka mwezi ule ule. Hata mjumbe aliyekuwa akisinzia alifumbua macho. Nami, pamoja na yote niliyoyajua, nilitazama ile mistari miwili, nyekundu na bluu, ikishuka mlimani bega kwa bega bila kugusana, nikaona jinsi kazi ile ilivyokuwa kubwa na nzuri. Ilikuwa sahihi kila mahali isipokuwa mahali nilipopita mimi.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mimi si mtaalamu. Nina swali moja la mtu asiye mtaalamu. Maji yatateremka? Hivi vimo vimethibitishwa?"

"Vimethibitishwa, mheshimiwa," akasema Mhandisi Mkuu, akanigeukia huku anatabasamu. "Kimo kwa kimo, na huyu binti hapa. Asingekuwa yeye tusingefika leo. Simama, mwanangu, mwambie."

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Wote walikuwa wameshaniandalia.

Nikasimama. Nikashika mgongo wa kiti. "Mheshimiwa," nikaanza, "kwa kweli, kama nilivyo, yaani ingekuwa vizuri iwapo..."

"Sauti, tafadhali," akasema karani.

"Ningeomba tu, kama inawezekana, muda wa..."

"Hatukusikii, binti," karani akarudia.

Feni ilizunguka. Halafu nyuma, bila kupaza, kama anavyosema jikoni, shangazi akasema, "Usimeze."

Nikageuka nikamtazama. Nikamtazama Bwana Chini, aliyekuwa amekwisha kuvua kofia yake. Kisha nikamtazama Mhandisi Mkuu, kwa sababu yeye ndiye aliyestahili kuambiwa usoni.

"Maji hayatateremka," nikasema, na ukumbi ukanirudishia sauti nisiyoizoea. "Nimekosea, bosi. Waliojenga handaki walihesabu kutoka pale bahari inapopwa kabisa, na sisi tunahesabu kutoka katikati, nami nimezichanganya hizo sifuri mbili kwenye vimo vyote mia mbili na kumi na vinne. Mafundi wa chini walijua, mimi sikuwauliza. Leo asubuhi nilitaka kukwambia nikakuuliza habari ya chai. Mheshimiwa mwenyekiti, mkiupitisha mchoro huu kama ulivyo, majitaka ya mji mzima yataingia kwa yule mama mwenye mwavuli, naye ni shangazi yangu. Msiukatae, maana mpango wenyewe ni wa kweli na tumeusubiri miaka kumi na tisa. Nipeni wiki tatu nishuke tena na wale mafundi, nipime kila chemba kwa mkono wangu. Na mkitaka kujua wa kuulizwa ni nani, tazameni kona ya chini kulia. Ile nafasi ilikuwa tupu. Leo saa sita nimeandika jina langu."